Pasheni zangu ziligoma kuzaa, kumbe kosa nililifanya kichakani

Mwaka 2021 nilipanda pasheni mashina 40. Zile za njano, maana huku kwetu joto, zile nyeusi za kwenye baridi hazitaki mambo yetu. Nikasimamisha nguzo nikavuta waya nikachimba mashimo nikajaza samadi mpaka mume wangu akaniuliza hapo unapanda pasheni au unazika ng'ombe. Zikatambaa. Jamani zikatambaa, mwezi wa saba ukipita pale ni kijani tupu na maua yamejaa, na ua la pasheni mnalijua lilivyo, jeupe na zambarau kama kuna mtu kakaa kitako akalidarizi, watu wanasimama wanapiga picha. Nikaanza kupiga hesabu. Shina moja matunda mia, mara mashina 40, napeleka Masasi pale soko la Mkuti kwa bei ya jumla... hesabu za bustani kwenye daftari kila mtu tajiri.

Maua yakaanguka yote. Asubuhi unayakuta chini yamejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, yanakuja mengine, nayo yanaanguka. Msimu mzima nilivuna matunda manne, manne kwa vidole, na mawili ukiyapasua ndani hewa tu.

Basi bwana kila mtu akawa mtaalamu. Mama mkwe akasema ni kijicho, zile picha watu walizopiga. Jirani akasema nimeweka samadi nyingi. Kijana wa duka la pembejeo akaniuzia busta ya maua, nikapulizia, maua yakaongezeka kweli, kwa hiyo yakawa yanaanguka mengi zaidi. Nikarudi dukani akaniuzia busta nyingine. Sisemi zaidi ya hapo.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo maana hii habari haikuanzia kwenye pasheni.

Bustani yangu iko chini ya mlima. Ukitoka Ndanda unaenda Masasi, mkono wa kushoto unauona ule ukingo wa Makonde umesimama kama ukuta wa kijani, sisi tuko miguuni pake. Tunalima mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele, majani ya maboga, na kiangazi wakati wenzetu wa juu wanahangaika na maji sisi tunamwagilia, kwa sababu vijito vinatoka pale chini ya mlima na havikauki. Nilizoea kusema hivyo, havikauki. Na mbali ya mboga nilikuwa na kitalu, nauza miche ya michungwa, miembe, mipapai, miche ya kivuli, shilingi 500 mpaka 1,000 kutegemea na mche na sura ya mnunuzi.

Na vyote hivyo nilivitoa kichakani. Nguzo za pasheni nilikata kichakani. Fito za kitalu kichakani. Udongo wa kujaza viriba ndo usiseme, tulifundishwa tangu zamani ndoo tatu za udongo wa msituni, mbili za samadi, moja ya mchanga, kwa hiyo mimi na vijana wawili tulikuwa tunapanda na magunia tunakwangua ule udongo mweusi wa juu, ule laini unaonukia, tunashusha na bodaboda. Magunia kumi wiki hii, kumi wiki ijayo. Hakuna aliyenikataza na wala sikuona kama nafanya kitu, udongo si upo tu, nani atalilia udongo.

Halafu kulikuwa na mti mmoja mkavu pembeni ya bustani, mtondoro, umekufa siku nyingi umesimama tu na matundu matundu. Akaja jamaa wa mkaa akanipa 15,000. Nikaona hela ya bure hii. Walipoukata wakatoka nyuki wakubwa weusi, wale wanaovuma kama pikipiki iliyotoboka ekzozi, wengi, wakawa wanazunguka pale kisiki kilipokuwa hawajui pa kwenda, watoto wakawafukuza na ndala wakawaua wengi. Tulicheka siku ile. Nakumbuka tulicheka kabisa.

Hiyo ilikuwa mwaka 2020. Mwaka mmoja kabla ya pasheni.

Mwaka 2022 mwezi wa nane kikoba chetu tukachanga nauli tukaenda maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Ngongo pale Lindi. Niwe mkweli, Nanenane kwa wengi wetu ni matembezi. Unaenda kuona ng'ombe wakubwa, unakula aiskrimu, unasikiliza muziki, unapewa kipeperushi unafungia karanga. Mimi nilikuwa nimechoka nimevua viatu natafuta kivuli nikajikuta niko kwenye vipando, na kivuli chenyewe ni cha pasheni. Zimezaa. Yaani zinaning'inia kama taa za sherehe. Nikasimama pale nikasikia wivu kabisa, wivu wa mtu mzima.

Palikuwa na binti mmoja anahudumia, mdogo tu, kofia ya ukindu, buti. Akanisalimia shikamoo mama, nikaitika, nikamwambia mwanangu hizi mmezifanyaje mbona mimi zangu zinatoa maua tu. Hakunipa dawa. Akaniuliza maswali mawili.

La kwanza, miche ulitoa wapi. Nikamwambia nilipata kwa rafiki yangu Mtwara mjini, ana shina moja linazaa sana pale kwake, nikakata vipande vya matawi nikaotesha vyote 40. Akatabasamu. La pili, maua yako yanafunguka saa ngapi. Nikajibu asubuhi, kama maua yote. Akasema mama hujawahi kuyaangalia.

Na kweli sikuwahi. Mwaka mzima nayamwagilia sijui yanafunguka saa ngapi. Ile nyeusi ndo inafunguka alfajiri, ya njano inafunguka kuanzia saa sita mchana na jioni inafunga, likifunga basi, halifunguki tena kesho, ua moja lina mchana mmoja tu. Ilikuwa kama saa saba, akanivuta mkono akaniinamisha kwenye ua. Akanionyesha vile vitano vinavyoning'inia, unga wake uko upande wa chini, unga mzito unanata, upepo hauwezi kuubeba. Juu yake kuna vitatu vingine kama misumari yenye vichwa, mwanzoni vimesimama, ua likikaa kidogo vinajipinda kushuka chini mpaka vinakaribiana na vile vyenye unga. Nyuki mdogo wa asali, akasema, anaingia hapa chini anakunywa anaondoka hajagusa kitu, mwingine anabeba unga wote anaenda zake, huyo mwizi. Anayetakiwa ni nyuki mkubwa mweusi, anayejaa hapa katikati, mgongo wake ndo unafika juu. Akiingia mgongo unapakwa unga, akienda ua lingine mgongo unapangusa kwenye vile vitatu. Ndo mimba hiyo.

Nikauliza, nyuki gani, yule anayetoboa mbao? Huyo huyo mama.

Nikakumbuka ndala.

Halafu akanimalizia na lile la miche. Pasheni ya njano haijipandishi yenyewe, unga wake kwenye ua lake haushiki, na haushiki kwa ndugu yake aliyekatwa kwenye shina hilo hilo, maana huyo siyo ndugu, ni yeye mwenyewe. Mashina yangu 40 yalikuwa shina moja. Nilikuwa nimepanda bwana harusi 40, akasema yule binti, tukacheka mpaka wenzangu wa kikoba wakaja kuuliza kuna nini. Yale manne niliyovuna, nadhani unga ulitoka kwa mzee jirani ana shina lake moja limepanda kwenye mwembe.

Hiyo elimu ilinichukua kama dakika 20, bure, kwenye kivuli. Nimekaa semina za siku tatu zenye chai na soda sikutoka na robo yake.

Nikarudi nyumbani na bahati maua bado yalikuwepo. Saa saba mchana nikawa nawatuma wanangu wawili kwa mzee jirani, shikamoo babu tunaomba maua, wanachuma vile vyenye unga wanaweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda wanakuja mbio, tunaanza kupaka ua moja moja kwa kidole. Vile vitatu kama bado vimesimama unasubiri, ukipaka mapema unajichosha. Siku ya kwanza tulishika maua 30 tukafunga uzi mwekundu kuyatambua. Yakakaa 21. Nilipoona ua limenyauka lakini shingo yake iko kijani na kuna kitu kama punje ya njegere kinavimba pale nyuma nilikaa chini. Niliwaita mpaka majirani.

Ila kazi ya kupaka unga kila siku saa saba jua la utosi siyo mchezo, watoto wanaenda shule, na ua halisubiri. Nikapanda miche 12 mingine ya mbegu, matunda nimeyanunua sehemu tofauti tofauti, nikaichomeka katikati. Na nyuki je. Hapo ndo nilipoanza kutafuta nilichouza kwa 15,000.

Nikaenda kwa mzee mmoja anakaa kule juu, mstaafu, ujana wake wote alifanya kazi za misitu. Nilikuwa namfahamu siku nyingi ila nilikuwa namkwepa kwa sababu ya ile habari ya magunia, alishawahi kuniona napita nayo. Nikamwambia shikamoo baba, nimekuja kuomba nyuki. Akacheka. Akasema, hawa huwaombi, unawaachia kuni. Yaani uache mti mkavu usimame, au gogo bovu bovu likae mahali pasipo na mvua, au ukate mianzi. Alinionyesha, kipande cha mwanzi chenye tundu la kuingia kidole gumba, upande mmoja umezibwa na pingili upande wa pili wazi, unavifunga vingi pamoja unavitundika vimelala, kivulini, chini ya upenu. Nikatundika mafungu manne. Miezi ikapita hamna mtu. Watoto wakaanza kuviita nyumba za kupangisha zilizokosa wapangaji.

Siku ile ile ndo akanishika na udongo. Hakunigombeza. Alinichukua tukaenda sehemu niliyokuwa nakwangua, sikujua kama anaijua. Akaniambia chutama. Pale nilipokwangua miaka miwili nyuma palikuwa pagumu kama uwanja wa mpira, mchanga mwekundu mtupu, kimeota kijani kimoja kimoja. Hatua tano pembeni ambapo sikugusa ukiingiza mkono kwenye majani unazama mpaka kifundo, ubaridi, kuna vinyuzi vyeupe vyeupe vya ukungu vimeshikana na mizizi, jongoo, na mbegu. Akasema, we unafikiri ulibeba udongo. Ulibeba mbegu za miti yote ambayo ingeota hapa, umeenda kuziloweka kwenye viriba vyako ukazing'oa kama magugu.

Kweli. Nilikuwa nazing'oa na nalalamika kwamba udongo wa msituni una magugu mengi.

Kwa hiyo nikaanza kutengeneza mboji, na hapa nisiwadanganye, ya kwanza ilinishinda. Nilirundika majani makavu peke yake nikasubiri, mpaka miezi minne majani ni yale yale. Ya pili nikaweka samadi mbichi nyingi ikanuka mtaa mzima. Ya tatu nikapanga tabaka kwa tabaka, majani makavu, majani mabichi, samadi kidogo, majivu kidogo, udongo kiasi, maji, tena makavu, kimo cha kiuno, nikachomeka fimbo katikati. Kila baada ya siku chache unachomoa fimbo unashika, ikiwa ya moto inapika, ikiwa baridi na kavu ongeza maji, ikiwa baridi na inanuka geuza ipate hewa. Baada ya miezi mitatu hivi ikawa nyeusi inanukia kama kule juu. Na miche yangu ikapona ule ugonjwa wa kuanguka kitaluni ikiwa bado midogo, kinyausi, ambao ulikuwa unanimalizia sinia nzima, ingawa sijui nisifu mboji au ni kwa sababu niliacha pia kumwagilia jioni kama mwendawazimu. Pengine vyote viwili.

Mambo ya maji sasa. Haya bado yananiuma.

Huku kwetu mlima ni tangi. Kule juu uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha huoni mto, inazama yote, ndo maana bibi zetu wa Newala na kwingineko kule juu walikuwa wanashuka mabondeni na mitungi kufuata maji, safari ya kuanza usiku. Wazee wana hadithi kabisa ya mtu wa kwanza wa Kimakonde, watoto walikuwa wanamfia alipokaa karibu na maji mpaka alipopanda juu. Yale maji yaliyozama yanakuja kutokea huku chini, ndo chemchemi zetu, na maji ya Ndanda ndo hayo mpaka yanatiwa kwenye chupa yanauzwa. Kichaka kule juu na kwenye mteremko ndo kinafanya mvua izame taratibu. Ukikichoma, ukikikata mkaa, ukikwangua udongo kama mimi, mvua haizami, inateleza.

Tuliona mvua za El Nino za 2023 kuingia 2024. Sehemu ya mteremko iliyokuwa imesafishwa ilishusha mchanga ukafukia matuta ya jirani zangu watatu, bamia zimebaki vichwa vinachungulia. Kwangu ulifika nusu. Upande wenye kichaka maji yalishuka mengi lakini masafi, unaona mpaka chini. Mwezi wa kumi uliofuata kijito chetu nilikivuka bila kulowesha kisigino.

Ndipo wakaja wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto. Walikuja na futi kamba. Matuta yangu mazuri kuliko yote, ya mchicha na majani ya maboga, yalikuwa mita 12. Wakatupa mwezi mmoja. Mimi nilikuwa na nyanya chungu zinaanza kuchumwa, tukaomba angalau tumalize kuvuna, tukaambiwa mwezi ni mwezi. Aliyechoma mkaa juu hakuna aliyempimia kwa futi kamba, sisi wa bustani tunaoonekana kutoka barabarani ndo tukawa waharibifu. Mpaka leo naona sheria ni sawa na ilivyoletwa siyo sawa, na sioni shida kusema vyote viwili. Nililia kwa hasira nikang'oa.

Nikahamishia bustani juu ya ile alama. Huko maji unayabeba. Nikanunua pampu ya kukanyaga kwa mkopo wa kikoba, na hapo ndo nikajua matandazo siyo mapambo. Zamani nilikuwa nafagia bustani ibaki safi kama sebule. Sasa nalaza majani makavu na mabua kila tuta, tuta lililokuwa linataka maji asubuhi na jioni linataka mara moja, na kwenye joto la mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza ukifunua majani saa nane mchana udongo bado una unyevu. Pale chini tulipotolewa tumepanda mikuyu, na mingine imejiotea yenyewe tu baada ya kuacha kulima.

Kufundisha wengine nilianza bila kupanga. Wanawake walikuwa wanakuja kuuliza pasheni, nikasema tufanye shamba darasa kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza wakaja 30, nikaandika kwenye karatasi kubwa, faida za misitu, moja mbili tatu. Mama mmoja akauliza posho ipo? Jumamosi ya pili wakaja sita. Nikaona nami nimekuwa semina. Ya tatu sikuandika kitu, nikawapandisha kule juu, nikawachutamisha pale nilipopaharibu, ingiza mkono hapa, haya ingiza pale. Nikawaambia hapa niliharibu mimi. Hiyo ndo iliyowakalia, sijui kwa nini, nadhani watu wamechoka kufundishwa na mtu ambaye hajawahi kukosea.

Na huko juu nikagundua wenzangu wanajua kuliko mimi. Kuna bibi alikuja na mjukuu, alipoona tu mti fulani akasema hapa kuna ming'oko, vile viazi vya porini. Akachimba kwa kijiti, siyo jembe, taratibu kama anamtoa mtoto usingizini, akatoa mizizi minene akaacha kichwa na mtambaa wake, akarudishia udongo, akaweka majani juu. Akasema, ukichukua na kichwa mwakani unakula nini. Ming'oko tunayokula sote, inauzwa barabarani imechemshwa, lakini vijana wa siku hizi wanachimba shimo la choo wanang'oa kila kitu. Nikamwomba afundishe yeye Jumamosi iliyofuata. Akakataa, akasema yeye hajasoma. Ilibidi mjukuu ambembeleze. Siku hiyo walikuja wengi kuliko siku zote na hakuna aliyeuliza posho. Sasa kwenye shamba darasa kuna pembe ya ming'oko, vichwa vimepandwa kwenye kivuli, na mabungo mawili tumeyaotesha kwa mbegu yapande kwenye mwembe. Watoto wa shule ya msingi wanakuja Alhamisi, wao wanachopenda ni ile fimbo ya mboji, wanagombania nani ashike aseme inapika.

Tatizo lililobaki ni korosho. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku ni kupulizia, salfa ya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, na dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, na dawa ya mbu haichagui, inaua na nyuki wanaochavusha hiyo hiyo mikorosho. Huwezi kumwambia mtu asipulizie, korosho ndo ada ya shule. Nilichoomba ni saa. Pulizieni alfajiri mpaka saa mbili, maua yangu yanafunguka saa sita. Wawili wamekubali. Mmoja ananiambia bomba ni la kukodi, analipata likifika, na likifika saa sita anapulizia saa sita. Sina jibu la kumpa.

Wapangaji walikuja mwaka 2023, mwezi wa tano. Nilikuta unga wa mbao chini ya mafungu ya mianzi, mweupe kama chicha ya nazi, nikadhani wadudu waharibifu nikataka kuchoma moto. Halafu nikasikia pikipiki iliyotoboka ekzozi. Mmoja. Baadaye wanne. Sasa hivi siwahesabu, msimu uliopita sikupaka hata ua moja kwa kidole na nilipeleka Mkuti ndoo 23 za lita 20.

Juzi kaja yule jamaa wa mkaa. Kuna mtondoro mwingine umekufa, upande wa kule juu kidogo, akasema mama huo mti unakuozea bure nakupa 40,000. Nikamwambia kaa kwanza, nikampa juisi. Amekaa pale chini ya upenu anakunywa, saa saba hiyo, nyuki mmoja akashuka akapita karibu na sikio lake, jamaa akavua ndala. Mwanangu wa mwisho alikuwa pembeni, akamshika mkono akaning'inia nao kwa uzito wake wote. Jamaa akashangaa, akaivaa ndala yake. Kabla ya kuondoka akaniuliza mche wa pasheni nauzaje, nikamwambia 1,000, ila simuuzii mtu mche mmoja, lazima uchukue miwili ya mama tofauti.